Mwanamina wa Mbuchi na Mlima wa Ukweni

Mbuchi hakuna mlima. Hakuna kilima, hakuna hata mwinuko wa kumfanya mtu ahemee mdomoni. Mtoto wa Mbuchi akitaka kuona mbali anapanda dungu, kile kibanda cha miti mirefu kinachosimamishwa katikati ya shamba la mpunga ili mtu akae juu awafukuze ndege na nguruwe. Ukishafika juu ya dungu umemaliza safari, kilichobaki juu yako ni mawingu. Mwanamina binti Saidy alizaliwa huko, kwenye delta ya Rufiji, akakulia kati ya mikoko na mpunga, na mpaka siku anaolewa alikuwa anaamini kwamba dunia yote imelala kama jamvi, na wanaosimulia habari za milima wanajisifu tu.

Huyo huyo ndiye leo anayewapandisha watu wa Dar es Salaam Mlima Nangwale, na wao wanamfuata kama vifaranga. Ilivyokuwa mpaka ikawa hivyo, ni hivi.

Aliolewa na Idrisa, mkulima wa Kibiti. Ukoo wa Idrisa ni Wamatumbi, watu wa vilima vya kusini mwa mto. Wengi wao walishateremka zamani, wamejipanga kando ya barabara kuu na mikorosho yao na mabenchi yao ya machungwa, lakini Nangwale hawajauacha. Makaburi ya wazee yako kule, michungwa ya babu iko kule, na kuna pango ambalo kila mwanaukoo anadai bibi yake ndiye aliyejificha humo wakati wa vita vya Mjerumani. Ukiwahesabu hao bibi wote, pango lingepasuka.

Kuhusu urefu wa Nangwale nisiwadanganye. Mtu wa Moshi akiuona atauliza ni mchwa gani waliojenga. Lakini ni mlima wenye roho mbaya. Njia yake ni mawe kisha udongo mwekundu, kisha mawe tena, na pembeni kuna makorongo yaliyofunikwa na majani kama mtego. Ukifika kileleni unasamehe yote. Mto Rufiji unauona unavyojikunja chini kama mtu anayetafuta usingizi, kisha unagawanyika mikono, na mwisho kabisa, siku ya anga safi, bahari inang'aa kama bati jipya.

Mwanamina alipelekwa huko mara ya kwanza akiwa bibi harusi, kutambulishwa kwa wakwe. Alipofika chini ya mlima akaitazama njia, akamgeukia mumewe.

"Mbona njia yenyewe imesimama?"

Kupanda alipanda. Kushuka ndiko kulikomshinda. Alishuka kiubavu, mikono chini, kitako kikipapasa kila jiwe kabla ya kulikubali. Mawifi zake walicheka mpaka wakakaa chini, na jioni ile ile wakampa jina: Bi Kaa, kwa sababu kwao kaa wa mikokoni ndiye kiumbe pekee anayetembea vile. Jina likamganda. Kuna wajomba wa Idrisa ambao mpaka leo hawajui kwamba ana jina jingine.

Hakununa, au tuseme alinuna kwa faida. Kila msimu wa machungwa alipanda na mama mkwe wake, marehemu Bi Hadija, mwanamke asiyejua kusifia mtu. Bi Hadija alimfundisha kwa kumsema: miguu yako mizito, unapumua kama ng'ombe, hilo jiwe hapana, hilo nalo ndiyo, mbona unaangalia chini kama umeangusha hereni. Kidogo kidogo Mwanamina akaujua mlima. Akajua jiwe lipi linacheza na lipi limetulia, wapi pa kupumzika na wapi ukipumzika nyoka anakuuliza umekuja kufanya nini. Bi Hadija alipofariki, Mwanamina ndiye aliyebaki anapanda mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo. Vijana walikuwa wameshahamia kwenye bodaboda, na bodaboda haipandi Nangwale.

Kisha wakaja watu wa matembezi. Kiongozi wao anaitwa Abdulatifu, afisa wa bima kutoka Dar es Salaam, mwenye saa inayomwambia mapigo ya moyo wake kana kwamba moyo wenyewe haumtoshi kumwambia. Aliona picha ya kilele mtandaoni, akaulizia mpaka akampata Idrisa. Idrisa akakubali kuwaongoza, na wiki hiyo hiyo akagongwa na pikipiki pale stendi ya Kibiti. Mguu ukafungwa plasta. Wageni walikuwa njiani. Mwanamina akafunga kanga yake ya pili kiunoni, akawapandisha yeye, akawashusha wazima, na njiani akawasema kama alivyosemwa na Bi Hadija. Watu wa mjini wana mapenzi yao. Walifurahi kusemwa. Waliporudi Dar wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuja tena, kila mwezi ikiwezekana, ila waongozwe na yule yule mama.

Mwanamina aliusoma ule ujumbe mara nyingi kuliko alivyokubali baadaye. Miaka yote aliyokaa ukweni alikuwa mke wa Idrisa, mama wa watoto, Bi Kaa. Hii ilikuwa mara ya kwanza watu kumtaka yeye kwa kazi anayoiweza. Aliitaka njia ile kama mtu anavyotaka chumba chake mwenyewe.

Hapo ndipo akainuka Mzee Mustapha.

Mzee Mustapha ni kaka mkubwa wa baba yake Idrisa, na kwa kuwa baba mwenyewe alishafariki, yeye ndiye baba mkwe wa Mwanamina na ndiye msimamizi wa mlima. Msimwazie mzee wa busara na tasbihi. Huyu ni mzee wa redio. Anabishana na mtangazaji, anabishana na refa wa mechi ya mwaka jana, na akikosa wa kubishana naye anabishana na betri. Aliposikia kwamba mkamwana wake anaongoza wageni, alitangaza kwamba njia imefungwa mpaka ukoo ukae.

Ukoo ukakaa, Kibiti, barazani kwa Idrisa. Mzee alianza na hoja nyepesi, kwamba mtu wa matope ataijuaje milima. Hiyo haikumtisha mtu. Ya pili ndiyo iliyowafanya watu wainame. Ukweni kwao kuna heshima ya mkwe na mkamwana. Hawashikani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawataniani, na mwanamke hampiti mkwewe akampa mgongo. Sasa anayeongoza njia anakaa mbele. Siku mwenye mlima akitaka kupanda mlima wake, atembee nyuma ya mgongo wa mkamwana wake kama mbuzi aliyefungwa kamba?

Idrisa, na plasta yake juu ya kigoda, alijaribu kusema kwamba wageni wakikosa wa kuwapeleka watakwenda milima ya wenzao, na njia ya makaburini itamezwa na majani. Mzee akasema majani hayana haraka. Mwanamina alikuwa ameketi ndani, mlangoni, na kwa heshima ile ile hakumjibu mkwewe moja kwa moja. Alisema na mumewe, kwa sauti ya kumfikia kila mtu mpaka barabarani.

"Mwambie baba aje yeye mwenyewe aone. Atembee wa mwisho kabisa, wageni wawe katikati, asiuone mgongo wangu. Nikiwapoteza, aseme. Akisema neno moja tu, njia nimeiacha na sitaiomba tena."

Idrisa alifungua mdomo afikishe ujumbe, lakini Mzee Mustapha alikuwa ameshamwambia mwanawe amwambie mkewe kwamba amekubali: kutoka chini mpaka kileleni, kutoka kileleni mpaka chini, hatatamka kitu. Akitamka, njia inafungwa, lakini hatatamka wasipopotea, asije akasemwa kashinda kwa hila. Watu walicheka, lakini waliocheka kwa raha ni wale waliomjua mzee. Haikuwahi kutokea Mzee Mustapha anyamaze, hata tonge likiwa kinywani.

Siku ya siku, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Abdulatifu alikuja na wenzake wachache, wana fimbo za chuma za kukunja na mabegi yenye mrija wa kunyonyea maji, kama wagonjwa waliotoroka wodini. Kati yao alikuwepo Sabra, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye ulimi usiolala. Mzee Mustapha alikuja na gambuti zake, akasimama mwisho wa mstari, midomo ameibana kama anazuia maji.

Kupanda kulikwenda vizuri. Mwanamina alichagua mawe, akawapumzisha panapostahili, akawasema wanaostahili. Mateso yalikuwa ya mzee. Walipofika pangoni Mwanamina akasimulia habari za vita, na kumbe alikosea, akamtaja bibi wa upande mwingine wa ukoo. Mzee alichuma jani la mchungwa akalitia mdomoni, akalitafuna lote na kijiti chake. Sabra alikuwa amemwona. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama shikamoo nayo inahesabiwa. Mzee akamtazama tu, machozi ya maneno yakimlenga.

Kileleni waliswali adhuhuri, wakala machungwa. Mwanamina akawaonyesha kwao, ule ukijani mweusi wa mikoko kwa mbali, akasimama akautazama kuliko wao. Kisha wakaanza kushuka, na ukungu ukaja.

Ulikuja kama mtu kafunika sufuria. Majani yaliyokua kwa mvua yalikuwa yameificha njia, na sasa hata mawe anayoyajua Mwanamina yote yakawa na sura moja. Akatembea kidogo, akasimama, akatembea tena. Halafu kushoto kwake akasikia maji, na hapo mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu utotoni.

Kule delta mtu akipotea kwenye mikoko hapigi kelele. Anatafuta maji yanakokwenda, anayafuata. Kijito kitamtoa kwenye kijito kikubwa, hicho kitamtoa mtoni, na mtoni kuna watu. Hakuna mtu wa Mbuchi anayefikiria jambo hilo, kama vile hafikirii kupepesa macho. Mwanamina akashuka kufuata maji, na mstari wote ukamfuata.

Nyuma kabisa, Mzee Mustapha alisimama. Mtu wa mlimani akipotea anapanda, anautafuta mgongo wa mlima, kwa sababu mgongoni utaona na mgongoni hakuna korongo. Alijua maji yale yanaishia wapi, ila neno lake lingefunga njia, akataka kwanza Mwanamina aone mwenyewe. Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye karibu herufi zote. Sabra akamgongagonga mgongoni.

Korongo likazidi kubana. Kuta zikapanda, jiwe likawa na utelezi, na sauti ya maji mbele ikabadilika, ikawa ya mbali na ya chini. Mwanamina alifika mahali akasimama. Mbele yake maji yaliruka, yakapotelea kwenye ukungu. Akashika mti, akachungulia, akarudi hatua moja. Akawageukia.

"Nimewapoteza," akasema. "Nimefuata maji kama niko kwetu. Kwetu maji yanatembea, huku yanaruka. Tunarudi juu."

Kisha Abdulatifu akatoa simu, akasema kwamba kwa mujibu wa ramani barabara iko karibu sana, hapo chini tu, wakiteremka kwa uangalifu.

"Simu yako ina miguu?" Mwanamina akamuuliza. "Basi itangulie, tutaifuata."

Simu ikarudi mfukoni.

Kurudi juu hakukuwa rahisi. Ule udongo mwekundu waliouteremkia, sasa umekanyagwa na watu wote, ulikuwa uji. Kila aliyepanda hatua moja aliteleza mbili. Hapo Mwanamina akabadilika. Matope hakujifunza kwa mtu, amezaliwa nayo. Akawaamuru wavue viatu wote, hata vile vya Abdulatifu vilivyopanda ndege kuja nchini. Akawapanga kiubavu, kiganja chini, vidole vya miguu vikiuma udongo, uzito mdogo mdogo, hakuna kusimama wima. Akakata matawi akayatandika penye ulaini, kama wanavyotandika kwao penye kushukia mitumbwi. Watu wa mjini wakapanda Nangwale kama kaa, na hakuna aliyecheka.

Mmoja tu hakuvua viatu. Baba mkwe haamrishwi na mkamwana kuvua kitu. Mzee Mustapha akabaki na gambuti zake, na ili asikanyage matawi yaliyotandikwa na Mwanamina, akapita pembeni, karibu na maji. Pembeni pakafunguka. Mguu wa kulia ukaingia mpaka pajani.

Abdulatifu na mwenzake wakamrukia, wakamshika makwapa, wakavuta. Kila walivyovuta, matope yalinyonya. Mzee alikuwa amekuwa na rangi ya udongo, macho yametoka, na mdomo bado kaufunga. Hata pale.

Mwanamina akashuka mpaka umbali wa heshima, akatazama pembeni kama inavyotakiwa.

Akawaambia wamwachie. Kisha: "Mwambieni baba asivute mguu. Alale."

"Mzee, anasema ulale," Abdulatifu akafikisha.

Mzee hakulala. Mwanamina akasema alale ubavu, akunje goti, atangulize kisigino. Abdulatifu akafikisha kwamba atangulize goti. Mzee akatanguliza goti, akazama zaidi. Sabra akasema sivyo, akaanza kufikisha upya, na Abdulatifu akabishana naye kuhusu kilichosemwa, na huku wakibishana mzee anapungua.

Mwanamina akaacha kutazama pembeni. Akaenda akachuchumaa mbele ya mkwewe, uso kwa uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie ukoo ule.

"Baba, nitazame mimi. Lala."

Mzee Mustapha akalala. Alilala kwenye matope, ubavu, shavu chini, kama mtoto aliyeambiwa sasa lala.

"Kisigino kwanza. Zungusha, acha hewa iingie. Usiung'oe, ubembeleze. Hivyo hivyo. Tena."

Hakumgusa hata kwa kidole. Mguu ukatoka taratibu, mtupu. Gambuti lilibaki chini huko na mpaka leo hakuna aliyelifuata. Mzee akakaa, akapumua, akajifuta uso na kuupaka zaidi. Kisha akamtazama mkamwana wake.

"Haya ya kisigino kakufundisha nani?"

Sabra alishika mdomo wake kama ni yeye aliyesema. Mwanamina akainuka. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na uso wake ukawa wa mtu anayetua mzigo aliokuwa ameupenda.

"Umeshasema, baba. Masharti ni masharti. Nikishawafikisha hawa chini, njia nimeiacha."

"Masharti yalikuwa ya nini?" mzee akauliza. "Niseme ukiwapoteza. Pale juu ya poromoko nilikuwa na neno hapa, kwenye meno. Ukaniwahi. Umewaambia mwenyewe umewapoteza, mbele ya watu, na mimi nipo. Miaka yote hii mlimani nimepotea mara nyingi, sijawahi kumwambia mtu." Akageuka akatema kipande cha jani la mchungwa. "Sasa nimeuliza swali. Swali lijibiwe."

"Nimefundishwa na marehemu mama yangu. Mbuchi."

"Basi twende, giza halina adabu."

Wakapanda mpaka mgongoni mwa mlima, ukungu ukapungua, njia ikaonekana. Abdulatifu, aliyekwishajifunza mila, akajipanga nyuma ya Mwanamina ili kumkinga mzee na mgongo ule. Mzee Mustapha akamsogeza kwa kiwiko, akachukua nafasi hiyo yeye, mguu mmoja wenye gambuti na mmoja mtupu. Akasema mtu aliyemwona amelala kwenye tope hana tena mgongo wa kuogopwa. Na kutoka hapo mpaka chini hakunyamaza. Alisahihisha habari za pango, alimtaja bibi aliyestahili, alieleza refa alikosea wapi. Wageni walisema baadaye kwamba sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa hiyo.

Ukoo ukakaa tena. Mzee akatangaza kwamba njia ya Nangwale ni ya Mwanamina, ila siku zinazofuatia mvua kubwa hapandi mtu, na vijana wote waache pikipiki siku moja wakafyeke njia mpaka kileleni, wazibe na lile korongo kwa miti. Vijana walinung'unika, wakafyeka. Abdulatifu anakuja karibu kila mwezi, na kundi lake limekua. Mwanamina anawaongoza kwa jina lake, na akipotea kidogo anasema amepotea, anawapandisha mgongoni mwa mlima, wanaanza upya.

Hivi karibuni ameleta jambo jipya. Anataka njia isiishie chini ya mlima. Watu washuke Nangwale, walale kijijini, asubuhi wapande mtumbwi wateremke na mto mpaka Mbuchi, wakaione bahari ile waliyoiona kutoka kileleni. Kaka yake Swalehe, anayevua kamba kule, amesema mitumbwi ipo na matope yapo ya kutosha kila mgeni. Mzee Mustapha, ambaye hajawahi kupanda mtumbwi maishani, amesema njia ya ukoo haifunguliwi bila yeye kuikagua, na kwamba atakaa mbele ya mtumbwi aone vizuri.

Kisha akamtuma Idrisa akamuulize mkewe kama huko majini inaruhusiwa kuzungumza.

Mwanamina, akiwa ukumbini hatua chache kutoka kwao, akamwambia mumewe amjibu baba azungumze tu mpaka achoke. Watakapotoka mtoni wakakutana na mawimbi ya kwanza, atanyamaza bila kuambiwa, na akiogopa amtazame yeye.

"Mwambie nitamtazama," alisema Mzee Mustapha.